Jumba Moja, Majina Sita

Hotuba kwa wasimamizi wa kumbi za maonyesho, wasanii na wajumbe wa bodi

Waheshimiwa wajumbe wa bodi, wasimamizi wa kumbi, wasanii wenzangu, na ninyi mafundi wa jukwaa mliokaa viti vya nyuma: nawasalimu nyote, na nashukuru kwa nafasi hii.

Nimeombwa nizungumze juu ya benki zinazonunua haki ya kuzipa kumbi zetu majina yao. Naanza na jumba moja la michezo ya kuigiza lililoko Chicago, Marekani, maana jumba hilo limepitia karibu kila jambo ninalotaka kuwaambia leo.

Lilifunguliwa mwaka 1906, likaitwa Majestic. Watu walikwenda pale kutazama waimbaji, wachekeshaji na wanasarakasi. Mdororo mkuu wa uchumi ulipokaza kamba, mwaka 1934 lilifungwa, likakaa kimya zaidi ya miaka 10. Mwaka 1945 ukoo wa kina Shubert, wafanyabiashara wakubwa wa maonyesho, wakalifungua tena na kuliita Shubert. Jina hilo likadumu miaka 60. Wazazi walilitaja kwa watoto wao, na watoto wakakua wakawatajia watoto wao pia. Mwaka 2006, baada ya ukarabati mkubwa, jumba likafunguliwa likiwa na jina jipya mlangoni: LaSalle Bank Theatre. Mwaka uliofuata Bank of America ikainunua LaSalle. Mwaka 2008 jumba likawa Bank of America Theatre. Mwaka 2015 jina likaenda kwa benki nyingine, PrivateBank. Mwaka 2017 PrivateBank nayo ikanunuliwa na CIBC, benki ya Kanada, na jumba likawa CIBC Theatre.

Wakati jina hilo la mwisho linabandikwa, mchezo wa Hamilton ulikuwa jukwaani. Ulianza pale Septemba 2016 na kuendelea hadi mwanzoni mwa 2020. Waigizaji waliingia katika jumba lenye jina moja wakatoka katika jumba lenye jina lingine, na hawakuhama hata chumba cha kuvalia.

Hesabuni pamoja nami. Miaka 100 ya kwanza, majina mawili. Miaka 11 iliyofuata, majina manne. Tena mawili kati ya hayo manne hayakutokana na shauri lolote la watu wa jumba. Hakuna mwigizaji, mkata tiketi wala mtazamaji aliyeomba badiliko. Benki moja ilinunua nyingine katika vyumba ambavyo watu wa maonyesho hawakualikwa, na kibao cha mlangoni kikafuata.

Hili ndilo neno langu la leo, na kama mtasahau mengine yote, hili nawaomba mlibebe. Sisi huwa tunajadili kama fedha za benki ni safi au si safi, kama sanaa inachafuka au haichafuki. Mjadala huo una nafasi yake. Lakini kuna jambo la mbele zaidi ambalo bodi nyingi hazilitazami: benki hazidumu na majina yao. Huungana, humezana, hubadili jina baada ya mkasa ili wateja wasahau. Ndivyo biashara hiyo inavyokwenda, nami siilaumu kwa hilo. Ila jengo la maonyesho hujengwa likae vizazi. Tunapolifunga jina la jengo kwenye jina la benki, tumefunga nanga kwenye kitu kinachoelea.

Mnaweza kuniambia Chicago ni bahati mbaya ya mahali pamoja. Basi twendeni Philadelphia. Mwaka 1996 lilifunguliwa pale jengo kubwa la michezo na matamasha ya muziki, likaitwa CoreStates Center, jina la benki. Mwaka 1998 benki hiyo ikanunuliwa na First Union, jengo likaitwa First Union Center. First Union ikaungana na Wachovia na kuchukua jina la Wachovia. Mwaka 2003 jengo likawa Wachovia Center. Mwaka 2008, katika msukosuko wa fedha duniani, Wachovia ikaangukia mikononi mwa Wells Fargo, na mwaka 2010 jengo likaitwa Wells Fargo Center. Mwaka 2025 benki zikaondoka kabisa mlangoni na kampuni ya mawasiliano ikaingia. Mtoto aliyepelekwa na baba yake kwenye tamasha lake la kwanza mwaka 1997, leo akitaka kumwonyesha mwanawe mahali pale, itabidi aeleze historia ya benki nne.

Boston ni hivyo hivyo, tena huko jina lilikufa kabla halijazaliwa. Benki ya Shawmut ilikwisha kununua jina la jengo jipya, lakini kabla halijafunguliwa mwaka 1995 Shawmut ikanunuliwa na Fleet, na mlango ukafunguliwa kwa jina la FleetCenter. Mwaka 2004 Bank of America ikainunua Fleet na haikulitaka jina. Mapema mwaka 2005, kwa muda mfupi, jina la jengo likawa linauzwa kwenye mnada wa intaneti siku moja moja, na fedha zikapelekwa kwenye shughuli za hisani. Baadaye benki nyingine ikalichukua, na safari hii ikakubali kuliweka neno Garden pembeni ya jina lake, kwa sababu jengo la zamani lilikuwa Boston Garden na watu hawakuwahi kuacha kusema hivyo. Miaka 10 ya kibao cha benki haikuweza kulifuta neno moja midomoni mwa watu. Nitalirudia jambo hili mbele kidogo.

Sasa, ndugu zangu wa bodi, sikuja kuwahukumu. Najua kwa nini mnauza. Nimefanya kazi ndani ya kumbi tangu nikiwa kijana wa kuburuta nyaya za taa, na najua paa likivuja linavuja juu ya pazia kwanza. Mwaka 1966 wachumi wawili wa Marekani, William Baumol na William Bowen, walieleza kwa nini kumbi hazipati nafuu hata zikijaa. Muziki ulioandikwa miaka 200 iliyopita kwa wapiga vinanda vya nyuzi wanne unahitaji leo watu wale wale wanne na dakika zile zile. Kiwanda cha viatu kitatoa viatu vingi zaidi kwa saa kuliko zamani. Hao wanne hawawezi kupiga haraka zaidi bila kuuharibu muziki. Lakini ujira wao lazima upande na wa watu wengine, la sivyo wataacha vinanda watafute kazi nyingine. Kwa hiyo gharama inapanda hata pale ambapo hakuna aliyefuja senti. Benki inapokuja na ahadi ya miaka 10 ya malipo ya uhakika, ni kama mtu amewaletea maji jangwani. Nani atayakataa?

Ila mjue mnachouza. Tangazo la kawaida, la kwenye bango au redio, sote tunajua ni tangazo na masikio yetu yana kinga. Jina la mahali halina kinga, kwa sababu tunalihitaji ili tukutane. Rafiki anauliza, "Onyesho liko wapi?" Unamjibu. Mwandishi wa gazeti anaandika uhakiki, analitaja. Dereva anaulizwa njia, analitaja. Mama anamwelekeza mwanawe kwa simu, analitaja. Wote hao wanaitangazia benki, wala benki haijawalipa wala kuwaomba. Hiyo ndiyo bidhaa yenyewe, na ni ya thamani kubwa kuliko ukubwa wa herufi za taa juu ya mlango. Na thamani hiyo haikutengenezwa na bodi. Imetengenezwa na kila mtu aliyewahi kulia au kucheka kwenye viti vile, na wasanii waliosimama pale na homa zao wakacheza hadi mwisho kwa sababu watu walikuwa wamekuja.

Juu ya hapo huja mambo ambayo hayaandikwi kwenye taarifa za magazeti. Tiketi kufunguliwa siku kadhaa mapema kwa wenye kadi za benki hiyo, hivi kwamba siku mauzo ya watu wote yanapoanza, viti vizuri vimekwisha. Chumba cha wageni wa benki pale palipokuwa chumba cha mazoezi. Mengine yanavumilika, lakini hili la tiketi linaniuma, kwa sababu mtu asiye na akaunti hageuki kuwa mtazamaji wa daraja la pili kwa sheria yoyote. Anageuzwa na kalenda ya mauzo.

Kuna na jambo zito zaidi, nalo halina ushahidi wa karatasi. Mwandishi kijana analeta mchezo unaohusu familia iliyopoteza nyumba kwa deni. Hakuna mtu wa benki atakayepiga simu kuukataza. Benki ni waungwana, na wengi wao wanapenda sanaa kwa dhati. Lakini mpangaji wa ratiba anausoma mchezo ule, anainua macho, analiona jina lililo kwenye karatasi ya barua yake, na anasema moyoni, "Labda msimu ujao." Mchezo haujakatazwa. Umeahirishwa tu, na msimu ujao una mambo yake. Nawaambia kwa sababu nimekaa kwenye vikao vya ratiba na nimeusikia ukimya huo. Fedha za udhamini zilizotundikwa ndani, kwenye ukurasa wa nne wa kitabu cha programu, hazileti ukimya wa namna ile. Jina lililo juu ya mlango huuleta, kwa sababu linakuwa jina la kila aliye ndani.

Niwaeleze kidogo yaliyotupata sisi. Ukumbi mmoja niliofanyia kazi ulilikodisha jina lake kwa benki kwa miaka mitano. Mwaka wa tatu benki ikanunuliwa. Barua ikaja ikitutaka tubadilishe kibao, tiketi, mabango ya msimu, hata nembo kwenye fulana za mafundi. Tulipoufungua mkataba kutafuta nani anayelipia, haukusema. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari letu lilikuwa na ukurasa mtupu pale pale tulipouhitaji. Tukalipa sisi, kwa fedha tulizokuwa tumezitenga kwa mapazia. Lakini kilichoniumiza zaidi kilitokea dirisha la tiketi. Kwa miezi kadhaa watu walikuwa wanapiga simu, wengi wao wazee, wakiuliza kama ukumbi wa zamani umefungwa. Walikuwa wameona matangazo yenye jina wasilolijua, wakadhani ni mahali pengine, mbali, pa watu wengine. Binti aliyekuwa akipokea simu alikuwa akiwajibu, "Hapana bibi, ni pale pale, mlango ule ule." Sijui ni wangapi hawakupiga simu.

Nayo hayo ni ya benki iliyonunuliwa tu kwa amani. Jina likianguka kwa aibu, ukumbi huanguka nalo hadharani. Jumba la Hollywood linalotumika kwa sherehe za tuzo za Oscar lilifunguliwa mwaka 2001 kwa jina la Kodak, kampuni ya kamera na filamu za picha, kwa mkataba wa miaka 20. Januari 2012 Kodak iliomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika, na sherehe za mwezi uliofuata zikafanyika jina likiwa limekwisha ondolewa, kabla Dolby, kampuni ya teknolojia ya sauti, haijaingia. Uwanja wa besiboli wa Houston ulipewa jina la Enron, kampuni ya nishati, kwa miaka 30. Kampuni ikaporomoka mwaka 2001, na mwaka 2002 timu ikalazimika kulipa dola milioni 2.1 ili kulirudisha jina ambalo hakuna aliyetaka tena kulitamka. Sikieni vizuri: walilipa wao. Miami, ukumbi mkubwa wa michezo na matamasha ulipewa mwaka 2021 jina la FTX, soko la sarafu za kidijitali, kwa mkataba wa miaka 19 wa dola milioni 135. Novemba 2022 FTX ikafilisika.

Hata benki isiyofilisika huweza kuuburuta ukumbi kwenye kesi isiyo yake. Citigroup ilikuwa imekubali kulipa dola milioni 400 kwa miaka 20 kwa jina la uwanja mpya wa New York, ambao pia hupokea matamasha. Kabla haujafunguliwa mwaka 2009, msukosuko ukaikuta benki hiyo ikipokea dola bilioni 45 za umma. Wabunge wawili waliandika wakitaka mkataba ule ufutwe. Uwanja haukuwa umekosa lolote, na haukuwa na jibu la kuwapa walipa kodi.

Labda mtaniuliza: mbona Carnegie Hall ina jina la tajiri, na hakuna anayelalamika? Ni kweli. Ukumbi ule ulifunguliwa New York mwaka 1891 kwa fedha za Andrew Carnegie, na jina lake limekuwa jina la muziki wenyewe. Lakini Carnegie aliujenga. Bila yeye pasingekuwa na mlango wa kuandika juu yake. Anayekuja kwenye ukumbi uliokwisha kujengwa, ukajazwa na kupendwa na wengine, hatoi kitu cha namna ile ile. Anakodi. Akodi basi, kwa masharti ya mpangaji.

Na hata jina la mfadhili mwema lina gharama ukiliahidi milele. Mwaka 1973 Avery Fisher alitoa dola milioni 10.5 kwa ukumbi wa muziki wa Lincoln Center, New York, na ukumbi ukachukua jina lake bila kikomo. Miaka 40 baadaye ukumbi ulihitaji kujengwa upya, na mtoaji mkubwa hakuweza kupatikana bila jina. Mwaka 2014 ilibidi familia ya Fisher ilipwe dola milioni 15 ili iliachie. Mwaka 2015 David Geffen akatoa dola milioni 100, na ukumbi ukafunguliwa upya mwaka 2022 ukiwa na jina lake. Neno "milele" kwenye mkataba liliwagharimu zaidi ya zawadi yenyewe.

Sasa nije kwenye sehemu ninayoipenda, maana sikutaka kuja hapa kuwaacha na paa linalovuja.

Bank of America, ile ile iliyolifuata jumba la Chicago kwa kununua benki nyingine, kwa miaka mingi ilikuwa mdhamini wa msimu wa Carnegie Hall. Fedha zilitolewa, jina la benki lilisomwa na kila aliyeshika programu, na ukumbi ukabaki Carnegie Hall. Teatro alla Scala ya Milano ilifunguliwa mwaka 1778, ikapata jina kutokana na kanisa lililokuwa mahali pale. Ilipigwa mabomu mwaka 1943, ikasimama tena mwaka 1946. Benki ya Intesa Sanpaolo ni miongoni mwa wanaoichangia leo. Jina bado ni la lile kanisa ambalo halipo.

Lakini mfano ninaouweka juu ya yote ni wa National Theatre ya London. Mwaka 2003 kampuni ya kubadilisha fedha, Travelex, haikuomba jina la jengo. Iliweka jina lake kwenye bei. Katika ukumbi mkubwa wa Olivier, sehemu kubwa ya viti ikauzwa kwa pauni 10 tu, na msimu ule ukajulikana kwa jina la kampuni hiyo na bei hiyo. Fikirieni tofauti yake. Jina mlangoni humwambia mtazamaji, "Hapa ni pangu." Jina kwenye tiketi ya bei nafuu humwambia, "Nimekuletea nafasi." Mtu aliyekuwa hajawahi kukanyaga jumba la michezo anaingia kwa pauni 10, anatoka amependa, na analikumbuka jina la aliyemlipia. Ningekuwa mkuu wa benki, ningenunua shukrani hiyo kabla ya kununua taa za mlangoni. Na msimu ukiisha, kampuni ikiuzwa, ikifilisika, hakuna kibao cha kung'oa.

Kwa hiyo benki ikija, msikimbilie kumwonyesha mlango. Mwonyesheni viti. Mwonyesheni msimu wa michezo ya watoto, tamasha la mwaka, mfuko wa waandishi vijana, usiku wa tiketi nafuu. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Benki inayotaka kuonekana ni ya watu wa mahali imtunze anayecheza.

Najua baadhi yenu mtarudi na kuniambia: tumeonyesha yote, benki inataka mlango, na bila mlango hakuna fedha na mwakani tunafunga. Nawaelewa. Ukumbi wenye jina la benki ni bora kuliko ukumbi uliofungwa. Majestic ya Chicago ilikaa giza zaidi ya miaka 10, na hakuna jina zuri linaloimba gizani. Basi kodisheni, lakini kwa kalamu yenu wenyewe. Jina lisihame kwa kununuliwa kwa benki: siku benki inapobadili mmiliki au jina, haki ikome, na atakayeitaka aje kuomba upya mbele ya bodi. Gharama ya kila kibao, tiketi na bango iwe ya benki, kuweka na kuondoa. Malipo ya mwaka yaingie kabla mwaka haujaanza, ili mkataba ukivunjika msibaki mnadai pamoja na wadai wengine wa mufilisi. Muda uwe mfupi. Kwa maoni yangu miaka 20 ni mingi mno, na saba inatosha. Aibu ikilipata jina, muwe na haki ya kuliondoa bila kulipa hata senti. Ratiba isiguswe, na hilo liandikwe kwa maneno wazi ili mpangaji wa ratiba aliye peke yake usiku na mchezo ule wa deni awe na karatasi ya kuegemea. Na jina la zamani libaki mlangoni, pembeni ya la benki, kwa herufi zinazosomeka kutoka ng'ambo ya barabara. Boston walijifunza hilo kwa midomo ya watu wao. Mkiliandika mapema, yule bibi wa kwenye simu hatakuwa na haja ya kuuliza.

Rasimu ya vifungu hivi nimeiacha juu ya meza iliyo karibu na mlango, nakala za kutosha. Kifungu cha tatu kina nafasi tupu: andikeni hapo jina la ukumbi wenu, lile linalotajwa na watu barabarani, hata kama si lile lililo kwenye hati. Mimi nitakuwepo hadi saa kumi jioni. Aliye na mkataba uliokwisha kusainiwa aje nao, tukae tuusome pamoja ukurasa kwa ukurasa.